Kuni Kumi na Moja

Mzigo ulirudi Jumamosi mchana, juu ya lori lile lile lililoupeleka mjini. Makapu mawili ya akamwani, kila kapu na vifurushi mia moja vya majani makavu ya mgomba, vimefungwa vizuri kabisa hata mtu asingejua kuna kasoro mpaka atie punje mdomoni. Dereva aliyashusha pale njia inapokata kuingia kijijini, akafikisha ujumbe kama alivyotumwa: Bartholomayo wa Miembeni, mnunuzi wao, anasema akamwani hii si ya Ma Kokushubila, na kama ni yake basi amechoka na kazi, apumzike.

Celina ndiye aliyeupokea ujumbe. Alijitwika kapu moja, la pili akamtwika binti yake Kemilembe, wakapita katikati ya kijiji huku watu wakiwasalimu na kuyatazama makapu. Hakuna aliyeuliza. Kwa miaka mingi makapu ya nyumba ile yalitoka yamejaa na kurudi matupu, na sabuni na sukari chini. Leo yalirudi na uzito wake, na shingo ya Celina ilionekana kwa mbali kwamba imebeba kitu.

Kwa asiyejua, akamwani ni kahawa ya kutafuna. Huchumwa ingali kijani, ikachemshwa na majani ya harufu, ikaanikwa juani siku kadhaa. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya hupewa hiyo kabla hajaulizwa habari za safari. Kila nyumba huweza kuchemsha yake, na nyumba nyingi huchemsha vibaya. Ya Ma Kokushubila, mama mkwe wa Celina, ilikuwa na jina tangu Muleba mpaka Bukoba mjini, na bibi huyo aliichemsha peke yake, mlango wa jiko umefungwa kwa komeo. Mwezi wa tano alianguka kibanjani, katikati ya migomba yake. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao ukafa. Tangu siku hiyo mwanawe Lwakatare, mume wa Celina, ndiye aliyekuwa akijifungia jikoni.

Hasara haikuwa makapu mawili tu. Kijiji kilipoandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa hakuna aliyehamishwa, maana migomba haifungashwi ikapakiwa kwenye lori. Lakini kahawa yote ilitakiwa iende chama cha ushirika, na ikienda huko hulipwa kidogo leo na kidogo siku mtakapoitwa. Nyumba ya Lwakatare peke yake ilikuwa na kibali cha kubakiza magunia manne ya kahawa mbichi kwa ajili ya akamwani. Kibali hicho kilipewa uhai mpya kila mwezi wa tisa, kwa sharti moja: barua ya mnunuzi wa mjini kwamba bado anaitaka. Sasa ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa sabini na tano, na mnunuzi alikuwa amerudisha mzigo.

Celina aliyatua makapu barazani, akafungua kifurushi kimoja, akatafuna punje mbili. Ilikuwa chungu mbele na nyuma haina kitu. Alijua kilichoharibika, na alijua namna ya kukitengeneza. Hilo lilimchosha kuliko kapu. Katika nyumba ile akamwani ilikuwa mali ya ukoo. Mabinti hawakufundishwa, kwa kuwa wataolewa na kwenda nayo kwa watu, na wake hawakufundishwa, kwa kuwa mke anaweza kurudi kwao wakati wowote. Ma Kokushubila mwenyewe aliambiwa akiwa mjane mwenye mvi, mama mkwe wake akiwa anakata roho. Naye alikusudia kusubiri vivyo hivyo, ila ulimi ulimtangulia. Mke anayejua kabla ya kuambiwa ana jina moja tu, nalo ni mwizi, tena mwizi aliyekuwa akingoja mkwewe afe.

Kwa hiyo Celina alikifunga kile kifurushi, akakirudisha mahali pake.

*

Lwakatare hakuwa mjinga, na wala hakuwa mvivu. Katika miezi ile mitatu alitafuta ujuzi wa mama yake kila mahali ambapo mtu mzima anaweza kutafuta bila kuinama sana. Alikwenda Bilele kwa dada yake Anatolia, aliyeolewa na fundi cherehani wa Kilutheri. Anatolia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha kwamba siku alipokuwa msichana na kuomba aonyeshwe, aliambiwa aende akaulize kwa wakwe zake. Alimpa chai na nauli ya kurudi, na ile nauli ndiyo iliyomuuma Lwakatare.

Kutoka hapo alikwenda Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa na ndizi. Aliketi kwenye benchi asubuhi nzima akiwa na punje zake kwenye leso. Kijana mmoja msomi alizipasua kwa kisu, akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akamweleza habari za unyevu na joto, akamwandikia karatasi. Ilikuwa karatasi nzuri. Haikuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba ilieleza kahawa ya watu wote, na mama yake hakuwahi kupika kahawa ya watu wote.

Mahali ambapo hakuuliza ni nyumbani kwake. Haikuwa kiburi, wala hakumchukia mkewe. Wazo lenyewe halikumjia, kama vile mtu anayetafuta miwani asivyofikiri kumuuliza paka.

Celina alimtazama akienda na kurudi. Hakusema, kama alivyokuwa hakusema siku chungu kilipooshwa. Anatolia alipokuja mwezi wa tano kumuuguza mama yake alikikuta chungu cha akamwani kiko jikoni, cheusi ndani, kimeganda utandu wa miaka. Ilikuwa bado watu wanasikiliza mafunzo ya afya kwenye redio, na Anatolia alikuwa mwanamke safi. Celina alirudi kutoka kisimani akakikuta chungu kimeinamishwa juu ya ua, kimesuguliwa kwa mchanga mpaka kimekuwa chekundu kama siku kilipotoka kwa mfinyanzi.

"Ma Kemilembe, mlikuwa mnampikia mama kwenye uchafu kama huu?" Anatolia alimwambia, bila ubaya.

Celina alitua ndoo. Angesema kwamba chungu kile hakioshwi angeulizwa amejuaje. Akasema asante shangazi, akaenda kumgeuza mgonjwa.

*

Fungu la pili la kahawa Lwakatare alilichemsha kwa karatasi ya Maruku, akilinganisha na saa ya mkono aliyoazima. Lilipokauka alichukua punje chache mpaka kitandani kwa mama yake. Ma Kokushubila alikuwa bado anatafuna kwa upande wa kushoto. Alizungusha punje mdomoni, macho yakiwa kwenye paa, kisha akazitema kifuani. Celina alimfuta. Lwakatare alisimama pale na karatasi yake kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari.

Siku hiyo hiyo katibu wa kijiji, Projestus, alifika na fomu ya kibali. Alikuwa mtu mpole aliyekuwa amechoka na fomu kama wengine walivyochoka na mikutano. Alikalia kigoda, akapewa akamwani kama mila inavyotaka, akatafuna moja, na zilizobaki akazishika mkononi kwa adabu.

Aliuliza kama barua ya mnunuzi iko tayari. Lwakatare akasema itakuja. Akauliza ni nani aandikwe kuwa fundi wa kazi, maana fomu ya mwaka huu ilikuwa na mstari wa jina la fundi. Lwakatare akataja jina la mama yake.

"Mama haongei, waitu," Projestus alisema taratibu.

"Ananielekeza kwa mkono."

Projestus alitazama mlango wa chumba cha mgonjwa. Kisha alitazama zile punje kiganjani mwake. Akasema mstari huo atauacha wazi kwa sasa, na kwamba mwisho ni tarehe ishirini ya mwezi wa tisa. Baada ya hapo magunia manne yatahesabiwa pamoja na ya kila mtu, naye hatakuwa na la kufanya. Alipoondoka, Celina aliziona punje alizoziacha, amezipanga vizuri ukingoni mwa kigoda.

Jioni ile Celina alifanya hesabu kichwani. Posa ya Kemilembe ilikuwa imekwisha pokelewa, na Pasaka angekwenda kwa mumewe huko Maruku. Mgonjwa alihitaji dawa na sabuni na mtu wa kumgeuza. Kulikuwa na kahawa ya kuchemsha mara moja tu kabla ya tarehe ishirini. Jina la mwizi ni baya, alijiambia, lakini halijawahi kumfanya mtu alale na njaa.

*

Alimfuata mumewe kibanjani kesho yake baada ya chakula. Lwakatare alikuwa anakata majani makavu ya migomba, anayatandaza chini, na hakugeuka.

"Ba Kemilembe, chungu kimeoshwa," Celina alisema.

"Chungu kuoshwa ni kosa?"

"Chungu cha mama hakioshwi. Kile cha kwanza kilipopasuka, mwaka ule wa Azimio, alinunua kipya, na siku tatu akawa anachemsha maganda na majani na kumwaga. Wewe ulimwambia anapoteza kuni. Alikuwa anakizoesha."

Lwakatare aliteremsha kisu. "Na majani unayajua?"

"Mchaichai na omujaja. La tatu sijui jina lake, hakuna aliyenitajia. Nalijua kwa kijiti. Linaota kule rweya, kwenye nyasi, chini ya kisima."

"Uliingia lini jikoni kwa mama?"

"Sikuingia. Nilifagia alipotoka, nikaona vilivyodondoka. Na kuni nilizipasua mimi, nikampangia mlangoni. Zilikwenda kumi na moja siku zote. Saba kabla kahawa haijaingia na nne baadaye. Jani la tatu linatiwa chungu kikinyamaza, unakisikia hata kwa nje. Halafu anaanza rozari."

"Mama anasali rozari kila siku."

"Akichemsha anaisali kwa sauti, na anaikatiza tendo la tatu. Ndipo anapoepua. Lini tena umewahi kumsikia mama yako akikatiza rozari?"

Lwakatare alikaa kitako juu ya majani makavu. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliisikia sauti ile ikitoka nyuma ya mlango, na siku zote alifikiri ni ibada tu. Celina alimwona akiirudia kichwani, midomo ikicheza, akifika tendo la tatu na kusimama. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi.

"Miaka yote hiyo," Lwakatare alisema hatimaye, "ulikuwa unamsikiliza mama yangu kama mpelelezi."

"Nilikuwa nimekaa mlangoni nangoja kuitwa kuleta maji. Masikio sikuwa na pa kuyaweka."

"Kwa nini hukusema toka mwezi wa tano?"

"Ungeniuliza ningejibu. Ulikwenda Bilele, ukaenda Maruku. Mimi nilikuwa hapa."

Lwakatare aliokota kisu, akakifuta kwa jani, akakifuta tena. Mwishowe akasema kwamba atachemsha yeye Celina, lakini mlango ufungwe, na nje atakaa yeye Lwakatare, ili anayepita adhani ni yeye anayechemsha kwa maelekezo ya mama yake. Celina akasema sawa. Alikuwa ameingia kibanjani akitegemea matusi, na hayakuja.

*

Alikilisha chungu kwa siku tatu: maganda ya kahawa, mabua ya mchaichai, maji ya kijani yaliyomwagwa migombani. Siku ya nne aliingia na kahawa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili alikuwa upande wa ndani wa komeo, na ajabu yake ni kwamba ndani kazi ilikuwa ngumu zaidi kuliko kwa nje. Moshi ulimwumiza macho. Hakujua mama mkwe alisimama wapi, wala mwiko aliushika kwa mkono gani. Alifumba macho ndipo akapata njia, kwa kuwa kazi hii aliijua kwa masikio. Kuni ya saba, kahawa. Chungu kikapiga kelele, kikanyamaza, akatia jani lisilo na jina. Kisha akaanza Salamu Maria kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. Tendo la tatu akaepua.

Ilipokauka walimpelekea mgonjwa. Celina mwenyewe ndiye aliyemtia punje mdomoni, na vidole vyake vilikuwa bado vinanuka yale majani. Ma Kokushubila alitafuna. Hakutema. Alitafuna polepole mpaka mwisho, akameza, kisha mkono wake mzima ukaja ukakamata kiganja cha Celina, ukakivuta mpaka puani. Alivinusa vile vidole kimoja kimoja. Celina aliinamisha kichwa akingoja hukumu.

Haikuja hukumu. Bibi aliuachia mkono, akainua kidole kimoja.

"Moja, mae?" Celina aliuliza. "Kuna moja imepungua?"

Kichwa kiliitikia.

"Jani?"

Hapana. Kuni? Hapana. Chumvi? Maji? Kila neno Celina alilolijua alilitaja, na yule mama alitikisa kichwa, akafungua mdomo, na mdomo ukatoa sauti isiyo na umbo. Kidole kilibaki juu. Machozi yalimtoka kwa jicho moja, lile zima. Miaka ishirini na miwili mlango ulikuwa umefungwa, na sasa ulipofunguka hakukuwa na ulimi wa kupitisha kitu kimoja kidogo. Celina alikishika kile kidole, akakikunja taratibu, akamwambia apumzike, imetosha.

Na kweli ilitosha. Mzigo mpya ulikwenda mjini, na barua ya Bartholomayo ikaja kwa lori tarehe kumi na saba ya mwezi wa tisa, ikiwa na muhuri wa duka. Aliandika kwamba akamwani imerudi, karibu yote, na kwamba ataendelea kuichukua kama zamani. Chini aliongeza kwa mkono wake: wampe hongera Ma Kokushubila kwa kupona, na wamwambie asifanye kazi kwa haraka. Lwakatare aliisoma kwa sauti barazani mbele ya majirani. Watu walipiga makofi. Celina alikuwa anazungusha kikapu cha akamwani kwa wageni, akapiga makofi naye kwa mkono ulio wazi, juu ya paja.

*

Kibali kilitoka. Lwakatare alikileta nyumbani kimekunjwa mara mbili, akakiweka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, mahali pa karatasi zote za nyumba ile. Asubuhi iliyofuata, akifuta vumbi, Celina alikifungua. Alisoma mpaka darasa la nne kwa masista, na mwandiko wa Projestus ulikuwa mkubwa. Jina la fundi: Lwakatare.

Alilisoma mara mbili. Aliumia, na hakutafuta neno jingine la kuita maumivu hayo. Alipomuuliza mumewe, Lwakatare alisema jina la mke kwenye karatasi ya ukoo lingeleta maneno, na kwamba wao wawili wanajua ukweli. Aliyasema hayo akifunga kamba za viatu, akaondoka kwenda Muleba.

Celina alirudisha karatasi nyuma ya picha. Kulikuwa na kahawa ya kuchemsha. Kemilembe alikuwa amekwisha panga kuni mlangoni kwa jiko, akaketi pale pale kwenye jiwe ambalo Celina alikuwa amelikalia tangu akiwa bibi harusi. Celina aliingia, akafunga mlango, akasukuma komeo. Komeo lilikuwa laini kwa kushikwa na vizazi, na mkono wake ulikuwa umekwisha kulizoea.

Aliwasha moto. Kuni ya kwanza, ya pili. Alimwita binti yake alete maji, akaupokea mtungi kwenye upenyo wa mlango, akafunga tena. Baada ya muda kidogo, katikati ya moshi, alisikia kitu ambacho mtu mwingine asingekisikia, nacho ni mtu aliyekaa kimya kupita kiasi. Alichungulia kwenye ufa wa ubao. Kemilembe alikuwa amegeuzia sikio mlangoni, na vidole vyake juu ya goti vilikuwa vinahesabu.

Pasaka msichana huyu angeondoka, na lolote atakalolijua lingekwenda naye kwa watu wa Maruku. Lwakatare angesema mali ya ukoo imetolewa mlango wa nyuma. Angesema kweli. Celina alikumbuka kile kidole kimoja, kilivyobaki juu, na akaona amechoka. Alichoka na komeo na kuhesabu na watu wazima wanaokwenda kuuliza mbali. Alivuta komeo.

"Umefika ngapi?" aliuliza kwa ndani.

Kemilembe alishtuka. "Ngapi nini, mama?"

"Kuni."

Msichana alitazama vidole vyake. "Nne."

"Tano," Celina alisema. "Moja niliitia ulipokwenda kuchota maji." Alisukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, moshi ukatoka. "Ingia uhesabie humu."